Kupima Programu Katika Mashirika ya Misaada Nairobi: Mwongozo Kamili

Programu ya benki ikigoma, mteja hupiga simu, hulalamika mtandaoni au huhamishia hela zake kwingine. Programu ya shirika la misaada ikigoma, mama wa Mukuru ambaye alipaswa kukumbushwa tarehe ya chanjo ya mwanawe hampigii mtu simu, kwa sababu hata hajui kwamba kulikuwa na ujumbe njiani. Anayelipia mfumo yuko mbali, mara nyingi nje ya nchi, na anachokiona ni ripoti ya kila robo mwaka. Kwa maoni yangu, kazi yote ya kupima ubora katika sekta hii imesimama juu ya jambo hilo moja: hitilafu mbaya zaidi ni zile ambazo hakuna atakayezilalamikia, na wewe umeajiriwa uzitafute.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Nairobi anayetaka kuingia kwenye kazi hii, au aliyeko tayari ofisini Kilimani au Westlands na ameambiwa "hebu pima huu mfumo kabla haujaenda kaunti" bila maelezo mengine. Nimeupanga kwa hatua. Hatua ya pili na ya nne nimezikalia zaidi, maana ndizo zinazorukwa.

Hatua ya 1: Zijue programu zinazotumika hapa

Nairobi ina historia yake katika jambo hili. Ushahidi ilizaliwa hapa Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ili wananchi watume taarifa za yanayotokea mitaani kwao zionekane kwenye ramani. iHub ilifunguliwa Barabara ya Ngong mwaka 2010, na watengenezaji programu wengi wa sekta hii walipitia pale.

Leo, ukiingia shirika lolote la afya au maendeleo, kuna majina utakayokutana nayo tena na tena. DHIS2, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, ndiyo inayobeba takwimu za afya za taifa, na Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011. KenyaEMR hutunza rekodi za wagonjwa vituoni. Imejengwa juu ya OpenMRS, mradi ulioanza mwaka 2004 ukiwa na mizizi Eldoret. Community Health Toolkit, inayosimamiwa na Medic, ndiyo msingi wa mfumo wa kielektroniki wa wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali iliuzindua mwaka 2023 kwa wahudumu wapatao 100,000. Kwa fomu za utafiti kuna KoboToolbox na ODK. Kwa mazungumzo ya SMS kuna RapidPro.

Usijaribu kuzijua zote. Anza na KoboToolbox, ambayo unaweza kufungua akaunti bure leo jioni, kisha DHIS2, ambayo ina seva ya maonyesho yenye data za mfano. Tengeneza fomu, ijaze vibaya kwa makusudi, uone inakubali nini.

Hatua ya 2: Nenda uwanjani kabla hujaandika jaribio hata moja

Mpimaji anayekaa ofisini hupima kile ambacho mtengenezaji alikifikiria. Omba siku moja ya kuandamana na mhudumu wa afya ya jamii, na siku hiyo usimfundishe chochote. Tazama tu.

Utakachokiona mtaa kama Mathare ni hiki. Mhudumu anatembea nyumba kwa nyumba, simu iko ndani ya mkoba, na anaandika kwenye daftari. Ukimuuliza, "Mama Brayo, mbona hutumii simu?" atakujibu kwamba kuitoa njiani ni kuwakaribisha vijana waporaji, kwamba mwenye nyumba akiona simu anafikiri anapigwa picha, na kwamba bando la shirika liliisha juzi. Usiku, watoto wakishalala, anaketi na kuingiza ziara zote kwa mkupuo.

Sasa rudi kwenye mfumo. Mtengenezaji alichukulia kwamba muda wa kuingiza ndio muda wa ziara. Kwa hiyo ziara zote za wilaya nzima zinaonekana zilifanyika kati ya saa tatu na saa tano usiku. Afisa wa ufuatiliaji na tathmini anaona data za ajabu na kuwashuku wahudumu kwamba wanapika ripoti. Hakuna kosa lolote kwenye msimbo, na bado hii ni hitilafu ya kiwango cha juu, kwa sababu inamchafulia jina mtu mwaminifu. Iandike hivyo. Suluhisho lake, kumwekea mhudumu sehemu ya kuchagua tarehe na saa ya ziara, ni kazi ndogo ikigunduliwa mapema.

Ukiwa huko, chunguza pia mambo madogo: anashika simu kwa mkono gani, anasoma maandishi ya ukubwa upi juani, ni swali gani analiruka kila mara. Swali linalorukwa lina siri yake. Huenda linaulizwa mbele ya mama mkwe.

Hatua ya 3: Kusanya simu halisi

Emuleta, yaani simu ya kuigizwa ndani ya kompyuta, haitoshi. Shuka Barabara ya Luthuli katikati ya jiji, nunua Itel au Tecno ya bei ya chini yenye Android Go na RAM ya GB 1 au 2, na ukipata iliyotumika ni bora zaidi. Ijaze video za WhatsApp mpaka ibaki na nafasi kidogo sana. Washa hali ya kuokoa betri, kwa sababu ndiyo inayokata kazi za chinichini na kuzuia rekodi kutumwa. Ongeza kabambe moja (simu ndogo ya vitufe) kwa ajili ya SMS na USSD (zile menyu za kupiga namba zenye nyota na reli), na laini za Safaricom, Airtel na Telkom.

Laini hizo ni muhimu kuliko zinavyoonekana. Usipime kutuma SMS kwa namba ulizobuni: namba nyingi za kubuni zina mwenyewe, na ujumbe wa majaribio unaosema "Vipimo vyako viko tayari" unaweza kuvunja nyumba ya mtu.

Hatua ya 4: Tengeneza data za majaribio zinazofanana na watu wetu

Hapa ndipo pana kazi. Wapimaji wengi huingiza "Test User One" na kuendelea. Weka orodha yako iwe na Ng'ang'a, Chepng'eno, Wanjirũ, mtu mwenye jina moja tu, mtu mwenye majina manne, na Mohamed, Mohammed na Muhamad watatu ambao ni watu tofauti. Kisha tafuta kila mmoja kwa kuanza na jina la ukoo, halafu kwa kukosea herufi moja. Mfumo usiompata mgonjwa humsajili upya, na mgonjwa mwenye rekodi mbili ni mgonjwa ambaye nusu ya historia yake daktari haioni.

Apostrofi ya Ng'ang'a inastahili jaribio lake la peke yake. Kwanza, ile iliyonyooka inaweza kuvunja hifadhidata iliyoandikwa kizembe. Pili, simu nyingi na programu za kuandikia huibadilisha kuwa ile iliyopinda, na hapo jina moja linakuwa majina mawili mbele ya kompyuta. Tatu ni gharama. SMS moja ya kawaida hubeba herufi 160. Ikiingia herufi moja isiyo kwenye orodha ya kawaida ya mitandao ya simu, kama ile apostrofi iliyopinda au ũ ya Wanjirũ, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo wa herufi na kikomo kinashuka hadi 70. Ukizidi hapo, hukatwa vipande vya herufi 67. Kwa hiyo ujumbe wa herufi 150 uliokuwa SMS moja unakuwa SMS tatu, shirika linalipia tatu, na bajeti ya mwaka inaisha kabla mwaka haujaisha. Watu wenye majina hayo ndio wanaoanza kukosa ujumbe mtu akiamua "kuwatoa wanaoleta shida". Pima kila kiolezo cha ujumbe ukiwa umeingiza majina hayo ndani yake. Kwa menyu za USSD, kumbuka skrini moja haipiti herufi 182.

Namba za simu: ingiza 07, 01, +254, 254 bila alama ya kujumlisha, na namba yenye nafasi katikati. Zinazoanza na 01 zilianza kutolewa mwaka 2019, na bado zipo fomu zinazozikataa. Halafu jiulize mfumo unafanya nini wanawake watatu wa boma moja wakitumia simu moja. Ukilazimisha kila mtu awe na namba yake, mhudumu ataandika 0700000000 ili fomu ipite, na huwezi kumlaumu. Omba ruhusa ya kuiuliza hifadhidata ni thamani zipi zimejirudia zaidi katika kila safu. Ni jaribio la dakika chache na hufichua mengi: namba za uongo, tarehe za kuzaliwa zote za 1 Januari, kitambulisho 12345678. Kila thamani iliyojirudia inakuonyesha mahali ambapo fomu ilimbana mtu mpaka akatafuta njia.

Saa nayo. Mtu akiambiwa aandike saa ya kumeza dawa, saa mbili asubuhi, wapo watakaoandika 2:00. Na seva nyingi hutunza muda wa UTC, ile saa ya pamoja ya dunia, uliobaki nyuma yetu kwa saa tatu. Mtoto aliyezaliwa tarehe 1 Machi saa nane usiku anaweza kuhesabiwa Februari. Jaribu rekodi ya saa nane usiku kila tarehe mosi, uone inaangukia ripoti ya mwezi gani.

Mwisho kwenye hatua hii, mipaka ya vipimo. Mkanda wa kupima mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59 husema chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni wa wastani. Ingiza 11.4, 11.5, 12.4 na 12.5, kisha ingiza 115, kwa sababu kuna mikanda ya milimita na mhudumu ataandika anachokiona. Jaribu pia nukta kubadilishwa na koma. Ikiwa 115 inapita na mtoto anaandikwa "mzima", simamisha toleo hilo siku hiyo hiyo. Usingoje kikao cha Jumatatu.

Hatua ya 5: Kata mtandao, kila mahali

Kuweka simu kwenye hali ya ndege ni mwanzo tu; mtandao dhaifu husumbua kuliko mtandao usiokuwepo. Shuka nayo kwenye maegesho ya chini ya jengo. Panda nayo matatu ya 111 mpaka Ngong ukituma rekodi njia nzima. Tuma, kisha zima simu katikati. Tuma mara mbili. Badilisha tarehe ya simu irudi nyuma miaka, kama inavyotokea betri ikitolewa, kisha tuma. Rekebisha rekodi moja kwa simu mbili zisizo na mtandao, ziunganishe, uone ya nani inabaki na kama yule mwingine anajulishwa.

Swali la kujibu baada ya kila jaribio ni moja: je, mhudumu anajua kwamba rekodi yake haijafika? Rekodi iliyokwama na ikaonekana imekwama si hatari sana. Inayosema "imetumwa" na haipo popote ndiyo ya kuogopa.

Hatua ya 6: Pesa

Miradi mingi hutuma hela moja kwa moja kwa wanufaika kwa M-Pesa. Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha mifumo na M-Pesa, ina mazingira ya majaribio. Yatumie, lakini ujue kwamba majibu ya kule huja kwa utaratibu kuliko maisha yalivyo. Jaribio kuu ni hili: ombi la malipo limekwenda, jibu halijarudi. Mfumo unafanya nini? Ukirudia ombi bila kuuliza kwanza, mtu atalipwa mara mbili, na baadaye atakuja kudaiwa hela aliyokwisha kununulia unga. Ukiandika "imeshindikana" wakati hela ilifika, mkaguzi wa hesabu atauliza. Hakikisha kila malipo yana namba yake ya kipekee, na kwamba ombi lenye namba ile ile likija mara ya pili halilipi tena.

Pima pia jina lililosajiliwa kwenye laini lisipolingana na jina la orodha. Mara nyingi laini ni ya mume au ya mtoto. Uamuzi wa kulipa au kutolipa si wako, ni wa watu wa mradi. Wako ni kuhakikisha mfumo unasimama na kuuliza.

Hatua ya 7: Fuata namba hadi mtu wake

Chagua namba moja kwenye ripoti ya mfadhili, tuseme idadi ya wajawazito waliotembelewa, na uirudishe nyuma hadi rekodi zilizoiunda. Hesabu kwa mkono kwa kijiji kimoja. Tofauti huwa zinatoka kwenye rekodi zilizofutwa lakini bado zinahesabiwa, mtu aliyehamia wadi nyingine na kuhesabiwa kote kuwili, au kichujio cha tarehe kinachoacha siku ya mwisho ya mwezi. Fanya hivi kabla ya kila robo mwaka, ukiwa na afisa wa ufuatiliaji pembeni.

Hatua ya 8: Linda siri za watu

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na data zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mhusika, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Kwa mpimaji maana yake ni hizi. Usichukue nakala ya hifadhidata halisi kuja nayo kwenye kompyuta yako. Tengeneza data za kubuni. Usitume picha ya skrini yenye jina la mgonjwa kwenye kundi la WhatsApp la timu, hata kama hitilafu ni ya dharura. Funika jina kwanza. Ingia kama mhudumu wa kijiji kimoja, kisha ujaribu kufungua rekodi ya kijiji kingine kwa kubadilisha namba kwenye anwani ya ukurasa. Na uangalie maandishi ya arifa yanayoonekana simu ikiwa imefungwa. Neno "ARV" (dawa za VVU) juu ya skrini mezani linatosha kumtolea mtu siri yake mbele ya familia.

Hatua ya 9: Andika ripoti ya hitilafu inayomtaja anayeumia

Ripoti inayosema "kutuma hakufanyi kazi" hurudi kwako ikiwa imeandikwa "kwangu inafanya kazi". Andika hivi:

*Rekodi ya ziara hupotea simu ikizimika wakati wa kutuma.*
*Simu: Itel, Android 11 Go, nafasi iliyobaki MB 200. Toleo 3.2.*
*Hatua: jaza fomu ya lishe bila mtandao, hifadhi, washa data, bonyeza Tuma, zima simu kabla mstari haujajaa, iwashe tena.*
*Kilichotokea: fomu haipo kwenye orodha ya zinazosubiri, wala haipo kwenye seva.*
*Kilichotarajiwa: ibaki kwenye orodha hadi seva ithibitishe.*
*Hurudia: kila mara.*
*Anayeumia: mtoto mwenye utapiamlo mkali. Mhudumu anaamini amemripoti, kituo hakijapata taarifa, hakuna atakayemfuata.*

Mstari wa mwisho hauko kwenye violezo vingi, nami nakuomba uuweke kila mara. Ndio unaopanga foleni. Timu ndogo yenye watengenezaji wawili haiwezi kurekebisha kila kitu kabla ya safari ya Turkana, na bila mstari huo hitilafu ya rangi ya kitufe iliyoonwa na mkurugenzi itatangulia mbele ya hii.

Hatua ya 10: Majaribio ya kiotomatiki, kwa kiasi

Jifunze Postman kwa kupima mawasiliano ya seva, kisha moja kati ya Playwright na Cypress, zana za kuendesha majaribio ya kurasa za wavuti zenyewe. Inatosha kuanzia. Yafanye ya kiotomatiki yale yanayorudiwa kila toleo: kuingia, kusajili, kutafuta, kukokotoa vipimo, malipo yasiyojirudia. Mengine yaache mikononi mwako na kwenye simu ya Luthuli.

Hatua ya 11: Pata kazi, na ujue unachotia saini

Cheti cha msingi cha ISTQB, bodi ya kimataifa ya vyeti vya upimaji wa programu, kinasaidia kupita mchujo wa kwanza: maswali 40, alama 26 za kufaulu, dakika 60, na muda wa ziada ukiomba kwa kuwa Kiingereza si lugha yako ya kwanza. Omba huo muda. Lakini kinachoajiri ni kazi inayoonekana. Msimbo wa Ushahidi, OpenMRS na Community Health Toolkit uko wazi kwa wote GitHub, mtandao ambako watengenezaji huhifadhi msimbo na kuripoti hitilafu. Chukua hitilafu iliyoripotiwa na mtu mwingine kwa maneno mawili, irudie kwenye simu yako, andika hatua zake kama nilivyoonyesha hapo juu. Ukiwa na kadhaa za namna hiyo una cha kuonyesha kwenye usaili. Matangazo tafuta ReliefWeb, LinkedIn, Fuzu na BrighterMonday, na usitafute jina la kazi hii pekee: mara nyingi imefichwa ndani ya "afisa wa mifumo ya habari" au ufuatiliaji na tathmini. Watu wa ufuatiliaji huvuka kuja huku vizuri sana, kwa sababu tayari wana mazoea ya kutoiamini namba.

Mikataba hufuata fedha za mradi, mara nyingi mwaka mmoja au chini yake. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, watu wengi hapa mjini walipoteza kazi ndani ya wiki chache, wakiwemo waliokuwa wazuri mno. Kwa hiyo kwenye usaili uliza waziwazi: mshahara huu unatoka mradi gani, unaisha lini, na baada ya hapo mfumo utakuwa wa nani. Uliza pia kama una mamlaka ya kusimamisha toleo. Ukijibiwa "tutajadiliana", omba iandikwe.

Jibu la swali la "utakuwa wa nani" mara nyingi ni kaunti au wizara, basi fanya kazi ukilijua hilo tangu mwezi wa kwanza. Weka majaribio yako mahali ambapo shirika likifunga akaunti zake hayatapotea. Yaandike kwa Kiswahili au Kiingereza chepesi, hatua kwa hatua, ili afisa wa rekodi za afya wa kaunti ayafuate bila wewe. Kabla mradi haujaisha, keti naye siku nzima na umwache yeye ndiye aendeshe majaribio huku wewe ukiandika pale anapokwama. Mwachie zile simu na chaja zake, laini zilizosajiliwa kwa jina la ofisi na si lako, orodha ya hitilafu zilizobaki wazi zikiwa zimepangwa kwa anayeumia, na nywila zote zikiwa zimebadilishwa mbele yake.